Dang'a, Kuku wa Jioni na Mzaramo Asiyejua Kutukana

Wakunga vijana wa wodi niliyoiaga mwezi uliopita wameniomba niwaandikie habari za kazi yangu tangu mwanzo. Mmoja alisisitiza nieleze nilivyopanda vyeo. Vyeo nilipanda, vingine nikavishuka, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumnyonyesha mtoto. Kwa hiyo nitaandika habari za dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano, ambayo ninyi leo mnamwekea mtoto mdomoni bila kuuliza mtu. Sisi tuliyapigania. Silaha zetu zilikuwa kuku mmoja, mawese na matusi.

Nilianza kazi enzi za Mwingereza, msichana wa Goweko mwenye sanduku la bati na cheti cha masista. Jina langu la ubatizo ni Anastazia, lakini pale kliniki waliniita Kalunde, jina la nyumbani, kwa sababu lilitamkika haraka mtoto akiwa njiani. Kliniki ya wazazi ya Tabora ilikuwa jengo refu lenye baraza, karibu na reli, na treni ikipita vikombe vyote viligongana kabatini. Nilifika nikiwa nimejiandaa kuzalisha. Nilipewa kuku nimshike.

"Mshike vizuri, asikutoroke," aliniambia mkunga wetu mkuu, Bi. Tatu. "Huyo ni mtumishi wa serikali kama wewe. Tena amekutangulia kazini, kwa hiyo umheshimu."

Kuku mwenyewe aliitwa Karani, maana kutwa alikuwa ameinama akichorachora chini bila sisi kuona faida yake. Kazi yake ilianza jua likizama. Daktari wetu, Mwingereza mrefu mwembamba ambaye hatukuweza kulitamka jina lake naye hakuweza kuyatamka yetu, alikuwa amegundua kwamba wajawazito wengi, mchana wanaona vizuri kabisa, lakini giza likianza kuingia wanapapasa kuta. Alisema wamepungukiwa na kitu kiitwacho vitamini A, kilichomo kwenye maini, maembe, majani ya kijani kibichi na hasa mawese. Mama aliyepungukiwa nacho, dang'a yake nayo hupungukiwa, na mtoto huanza maisha na akiba ndogo. Basi kila jioni wajawazito walisimama barazani, mimi nikamwachia Karani mwisho wa ua, na Daktari akauliza, "Kuku yuko wapi?" Asiyemwona aliandikiwa kijiko cha mawese kila siku.

Kwenye maelezo mtihani huo ni rahisi. Tabu ni kwamba hakuna mwanamke aliyetaka kuitwa kipofu mbele ya wenzake, kwa hiyo wasioona walitega masikio. Karani akisema "ko", wote wananyoosha kidole upande huo, na Daktari anafurahi kwamba mji mzima umepona. Bi. Tatu ndiye aliyeigundua hila hiyo. Tangu siku ile alikuwa akijificha nyuma ya jiko, anachuchumaa na mwili wake wote ule, kisha anatetea kama kuku anayetaka kutaga. Wasioona walimwonyesha yeye, tena kwa uhakika mkubwa. Daktari alisema hajawahi kuona kipimo kizuri namna ile, na mimi nilirudi kwenye chumba changu nikiwaza masista wangesema nini.

Bi. Tatu alikuwa Mzaramo wa pwani, aliyeletwa Tabora na mume wake mchochea moto wa treni. Alinifundisha karibu kila ninachokijua. Kata kucha. Pasha mikono joto kabla ya kumgusa mtu tumbo. Usimwulize mama anaumwa wapi kabla hujamwuliza jana alikula nini. Alinifundisha kwamba dang'a za akina mama hazifanani. Mama aliyezaa mfululizo bila kupumzika, dang'a yake mara nyingi hupauka. Aliyeugua homa miezi ya mwisho hali kadhalika. Aliyejifungua wakati wa maembe ni tofauti na aliyejifungua mwisho wa kiangazi, wakati watu wanakula ugali kwa maharage na kusubiri mvua. Wake wa wafugaji kutoka Nzega walikuja na samli zao. Wanawake wa Ng'ambo, mtaa wa hapo hapo Tabora, waliopikia mawese ya Ujiji tangu utotoni, dang'a zao zilikuwa na rangi ambayo ilimfanya Daktari aimbe.

Nasema aimbe, na si utani. Alikuwa na vipande vya karatasi alivyovipaka rangi mwenyewe, kutoka nyeupe hadi njano iliyoiva, na kila mama aliyejifungua aliombwa matone machache kwenye kigilasi. Daktari aliyainua kwenye mwanga wa dirisha, akayalinganisha na karatasi zake, na rangi ikiwa nzuri alitoa wimbo wa kanisani kwa pua. Alituonya kwamba rangi peke yake haielezi kila kitu. Akina mama hawakuyasikia maonyo hayo. Walisikia wimbo. Wodi ikaanza kushindana, na bibi mmoja akatia bizari kwenye kigilasi cha mkwewe. Daktari akapekua karatasi zake zote bila kuipata rangi ile, akaimba beti mbili. Bi. Tatu akanusa. "Daktari," akasema, "hii tuiweke. Inafaa kwa pilau."

Lakini waliokuwa wakishindana walikuwa wachache wa mjini. Bibi wengi waliokuja na wakwe zao kutoka vijijini waliiona dang'a kuwa uchafu. Ni ya njano, walisema, na usaha ni wa njano, kwa hiyo hesabu imekwisha. Waliikamulia kitambaani, wakakichoma kitambaa, na mtoto akapewa maji na uji mwepesi mpaka maziwa yawe meupe. Daktari aliwaeleza kwa subira, na karatasi zake mkononi. Walimsikiliza kwa adabu na kumjibu, "Ndiyo, bwana." Nawaambia ninyi vijana, enzi zile hapakuwa na neno la kukataa lililozidi "ndiyo, bwana." Akigeuka tu, kitambaa kinatoka.

Aliyewaweza ni Bi. Tatu peke yake, na aliwaweza kwa utani. Mnajua babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara mpaka pwani, wakipita Uzaramoni kwenda na kurudi, na katika kupita huko ndipo ulipozaliwa utani wetu na Wazaramo. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukuita mtumwa wake, nawe huna ruhusa ya kununa. Akija kwenye msiba au kwenye uzazi akashika kitu na kudai fidia, hakatazwi. Kumkatalia ni aibu ya ukoo mzima. Basi Bi. Tatu alikuwa akiingia wodini, anamnyakua mtoto, na kupaza sauti, "Nyie wapagazi! Mmebeba mizigo vichwani mpaka akili zimeshukia magotini! Huyu ni mtumwa wangu, simrudishi mpaka anyonye dang'a!" Bibi wa mtoto anamrushia tusi lake, naye anarudisha jingine, wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mtoto ananyonya.

Mimi sikuweza. Mimi ni Mnyamwezi, na kwa wale bibi nilikuwa mjukuu tu aliyevaa aproni. Ningewatukana, wangenipeleka kwa baba yangu.

Sasa nifike kwa Nyamizi. Alikuja kwetu kutoka Ipuli, mimba yake ikiwa kubwa, akiwa ameshazaa mara kadhaa bila kupumzika. Alimshika mkono mtoto wake wa kike, Kabula, au niseme Kabula ndiye aliyemshika yeye, maana ilikuwa magharibi. Kabula alikuwa amepoteza macho baada ya surua, akiwa bado hajajua kusema sawasawa, na kwa kuwa gizani kwake na mwangani ni mamoja, jioni yeye ndiye aliyeijua njia kuliko mama yake. Waliingia hivyo getini. Nilimwachia Karani, Daktari akauliza kuku yuko wapi, na Nyamizi akamnyooshea kidole Daktari. Wanawake walicheka, na Daktari mwenyewe akacheka. Nyamizi akaanza kulia. Aliogopa kwamba huyu wa tumboni naye atakuwa kama Kabula.

Tulimpa mawese. Bi. Tatu alimwagiza ale mlenda, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na maini kila yatakapopatikana. Daktari alimwambia ukweli, kwamba hawezi kumwahidi kitu, ila mtoto akianza na dang'a na mama akiendelea kula hivyo, atakuwa na nguvu zaidi surua itakapobisha hodi. Nyamizi aliyashika maneno hayo kama sala. Baada ya wiki kadhaa akamwona Karani mwisho wa ua, akapiga kelele kwa furaha, na Karani akapanda juu ya paa kwa woga.

Shida ilikuwa mama mkwe wake, Bibi Mgole. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na watoto wote wa ukoo ule walikuwa wamepitia mikononi mwake bila tone la dang'a. Simsemi vibaya. Alimpenda Kabula kupita kiasi, akimtafunia karanga mwenyewe. Alikuwa anafanya alivyofanyiwa yeye.

Na wiki ile ile Nyamizi alipokaribia kujifungua, Bi. Tatu alikuwa amepanda treni kwenda pwani, likizo, kwenye harusi ya mpwa wake. Alipokuwa akipakia vikapu vyake nilimwuliza, "Na bibi wakija na vitambaa vyao, mimi nifanyeje?"

"Tafuta Mzaramo," alinijibu dirishani, na treni ikaondoka.

Nyamizi alijifungua asubuhi, mtoto wa kiume, mwenye hasira na mapafu mazima. Bibi Mgole alimpokea, akamfunga kanga, akaketi naye barazani kwenye mkeka, na kitambaa cha kukamulia kikiwa begani mwake. Daktari akaja na karatasi zake. "Ndiyo, bwana," alisema Bibi Mgole, mara nne. Nilipoingia kumsafisha Nyamizi, alinishika mkono.

"Dada Kalunde, mimi nataka anyonye," alininong'oneza. "Lakini nikimkatalia mama mkwe, nitakaa wapi? Nifanyie kitu, dada. Nikimwangalia Kabula nakosa pumzi."

Nilivua aproni nikakimbia Ng'ambo.

Ng'ambo, kama mjuavyo, unaweza kumpata Mmanyema, Msukuma, Mwarabu na Mrundi kabla hujamaliza mtaa mmoja. Siku ile Wazaramo walikuwa wamekwenda wapi, sijui. Mwuza mawese alinielekeza kwa fundi magodoro, Mzee Kondo. Nilimfahamu kwa uso, maana ndiye aliyetushonea magodoro ya kliniki, lakini sikuwahi kujua kwamba ni Mzaramo. Hakuna aliyejua. Mzaramo hujulikana kwa kelele, na Mzee Kondo alikuwa mtu wa kumwamkia hata paka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko? Daktari hajambo? Na yule kuku wenu, hajambo?"

"Hajambo. Mzee, nimekuja nikuombe ukamtukane mtu."

Alijichoma sindano ya godoro. "Amenikosea nini?"

"Hajakukosea. Ni mtani wako, Mnyamwezi wa Ipuli." Nikamweleza habari yote, ya Kabula, ya dang'a, ya kitambaa begani. Alisikiliza huku akinyonya kidole chake chenye damu, na nilipofika kwa Kabula aliinamisha kichwa.

"Mwanangu," akasema, "niliondoka kwetu nikiwa kijana. Kaka zangu walikuwa na matusi mengi, mimi sikupata zamu. Sijamtukana mtu hata siku moja. Lakini twende."

Alibeba godoro jipya la kliniki kichwani, tupate kisingizio cha kuingia, na tukafanya mazoezi njia nzima. "Sema, wewe mpagazi!" nilimwambia. "Wewe mpagazi," alisema, "samahani." Nilimkataza kusema samahani. Akajaribu tena, akasema, "Wewe mpagazi, usijali." Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, alidhani tunagombana, akaja kutusuluhisha, na Mzee Kondo akamshukuru na kununua michembe.

Tulipofika barazani, mtoto alikuwa akilia, na kikombe cha uji mwepesi kilikuwa tayari kando ya mkeka. Mzee Kondo alitua godoro. Alivua kofia.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi... mimi ni Mzaramo."

Bibi Mgole alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akarudi juu. "Mzaramo?" alisema. "Mzaramo ananiamkia mimi shikamoo? Umeumwa nini? Umeanguka kwenye ngoma?"

"Asante, mama."

"Eti asante! Nimekutukana, wewe! Nimekuambia umeanguka ngomani, mvivu mkubwa, mla nazi!"

"Ndiyo, mama. Nimesikia. Poleni na uzazi."

Wodi nzima ilikuwa imeshatoka mlangoni. Nyamizi alijiegemeza kwenye fremu, mikono kifuani. Mimi nilishika beseni lisilo na kitu ndani, nikatamani nijifiche chini yake. Bibi Mgole akageuka kuwaomba ushahidi wanawake wengine. "Mmeona mambo haya? Nimetembelewa na mtani siku ya mjukuu wangu, na mtani mwenyewe hana kinywa! Watu wa Ipuli watasema ukoo wa Mgole umepata mtani bubu!"

Kwa kweli aliona aibu, tena kubwa. Uzazi uliotembelewa na mtani ni uzazi wenye baraka, na huyu alikuwa anauharibu kwa adabu. Akasimama.

"Njoo hapa," akamwambia. "Nitakufundisha, maana naona mama yako alikuachisha ziwa mapema. Mtani hasimami kama mtu aliyekuja kuomba moto. Mtani ananyakua! Haya, nyakua!" Na kwa kuwa Mzee Kondo hakunyakua, Bibi Mgole alimtia mtoto mikononi yeye mwenyewe. "Umeshanyakua. Sasa sema: huyu ni mtumwa wangu!"

"Huyu ni mtumwa wangu."

"Sauti! Unaongea na mbu?"

"HUYU NI MTUMWA WANGU!" Sauti ilimtoka kwa kishindo, mwenyewe akashtuka, na Karani akakimbilia chini ya mkokoteni.

"Vizuri! Sasa: hatoki mikononi mwangu mpaka nipewe nitakacho!"

"Hatoki mikononi mwangu mpaka nipewe nitakacho!"

"Unataka nini?" aliuliza Bibi Mgole, mikono kiunoni, akiwa amefurahi kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amepata jibu. "Sema! Taja kitu kikubwa, usinitie aibu!"

Mzee Kondo alinitazama mimi. Nilijua amesahau. Woga ulikuwa umemfutia kila nilichomwambia njiani. Sikuweza kusema neno, kwa hiyo nilijipigapiga kifuani kwa lile beseni, pa, pa, pa, na wanawake wakadhani nimepandwa na pepo. Mzee akafumba macho.

"Mpaka anyonye dang'a," alisema. "Ya mama yake. Leo, na kesho, na mpaka igeuke nyeupe yenyewe."

Bibi Mgole alimtazama Mzee Kondo, akanitazama mimi, akalitazama beseni.

"Mmetumana," alisema.

Alishusha mikono kutoka kiunoni, na nikaona anatafuta mlango wa kutokea. "Nitakupa kuku," akamwambia Mzee Kondo, kwa sauti ya chini kidogo. "Jogoo mzima. Mrudishe mtoto."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu mpole si mtu mwepesi. Mzee Kondo aliketi juu ya godoro lake jipya, mtoto kifuani, akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Nataka dang'a."

"Nitakuongezea mtama."

"Asante sana, mama. Dang'a."

Mtoto alikuwa amenyamaza, akimkodolea macho. Kisha, kwa utulivu, akamkojolea. Mkojo ulipita kwenye kanga, ukapita kwenye kanzu, ukaingia kwenye godoro la serikali. Bibi Mgole akaruka juu kwa furaha. "Mkojo wa Kinyamwezi huo! Umeupata! Haya, jibu, kama wewe ni Mzaramo!"

Mzee Kondo aliitazama kanzu yake. Akawaza. Tulimwona anawaza, na sisi wote tukamsubiri.

"Tangu enzi za babu zenu," alisema polepole, "mkifika kwa Mzaramo mnatua mzigo. Huyu ana umri wa asubuhi moja, naye ameshatua."

Bibi Mgole akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka begani akakitumia kufutia machozi, na hapo kikawa hakifai tena kwa kazi nyingine. "Huyu kumbe ni Mzaramo kweli!" alikuwa akisema. "Nimemfundisha mimi! Mimi mwenyewe!" Alipopata pumzi alimtazama Nyamizi mlangoni, akamtazama Kabula aliyekuwa amekaa mwisho wa mkeka, kichwa upande, akicheka bila kujua wenzake wameona nini. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Mpe mama yake," alisema. "Mtani amedai."

Nyamizi alinyonyesha palepale, amekaa juu ya godoro lililolowa. Daktari alikuja kuomba matone yake machache, akayainua kwenye mwanga, na karatasi ikapatikana. Ilikuwa njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Aliimba wimbo wote mpaka mwisho. Mimi nilikwenda stoo nikalia, na sioni haya kuliandika.

Mtoto aliitwa Kondo. Mzee Kondo alipoelezwa, alisema hapana, jamani, msisumbuke. Tangu siku ile, kila bibi mgumu alipofika na kitambaa, walinituma Ng'ambo. Mzee alijifunza matusi mawili matatu mapya, yote akiyasema kwa heshima, na bibi walimpenda kwa sababu walipata kumfundisha. Bi. Tatu aliporudi kutoka pwani alikuta barazani foleni ya wanawake wakimwelekeza fundi magodoro jinsi ya kuwaita wapagazi. "Nimekwenda harusi," alisema, "nimerudi nimeshachukuliwa mume." Alirudi kwenye kazi ya kutetea kama kuku, ambayo kwayo hakuwa na mpinzani.

Surua ilipita Ipuli mtoto Kondo alipokuwa ameanza kukimbia. Ilimlaza, tukamwangalia mchana kutwa, mama yake akimpa mawese na uji. Aliinuka. Siwezi kuwaambia ni dang'a au ni mawese au ni Mungu, na Daktari naye alisema hawezi. Nawaambia tu kwamba aliinuka.

Bibi Mgole alifariki miaka michache kabla ya Uhuru. Tulikwenda mazishini Ipuli sote, Bi. Tatu, mimi, na Mzee Kondo aliyevaa kanzu yake nyeupe. Watu wa ukoo walimtazama, maana ni kazi ya mtani kuchekesha kaburini, kuzuia jeneza na kudai. Alisogea mpaka ukingoni.

"Mpagazi wewe," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Umenifundisha kutukana, halafu umeondoka. Sasa nimtukane nani?"

Watu walicheka, kisha wakalia, na sijui mpaka leo kama kuna mtani aliyewahi kufanya kazi yake vizuri zaidi.

Tulipomaliza, jua lilikuwa limezama na giza limeanza kushika miguu ya watu. Tulisimama uani tukiagana. Bi. Tatu alitoweka, na mara tukasikia kuku akitetea upande wa ghala. Nilielewa. Nikamwita Kondo mdogo, mtoto wa meno mapengo, nikamwuliza kama Daktari alivyokuwa akiuliza, "Kuku yuko wapi?"

Nyamizi, aliyekuwa karibu yangu, alimgeukia mwanawe.

Kondo aliangalia kule gizani. "Hakuna kuku, shangazi," alisema. "Ni yule bibi mnene, amechuchumaa nyuma ya ghala. Amevaa kanga nyekundu, na mbuzi anaitafuna kwa nyuma."

Kelele za Bi. Tatu zilithibitisha habari ya mbuzi. Nyamizi alikuwa amenishika mkono vilevile kama siku ile wodini, akiubana, akicheka na kulia pamoja. Kondo yeye hakujua amefaulu mtihani. Alimwendea dada yake Kabula, akauchukua mkono wake akauweka begani mwake mwenyewe, kama alivyozoea jioni, na wakatangulia njiani kuelekea nyumbani.

"Nyanyua mguu, dada," tulimsikia akisema. "Hapa kuna jiwe. Usiogope, nimeliona."